Jinsi ya Kuomba Msaada wa Kiufundi kwa Wanaojitolea Kutunza Programu Huria

Tangu Microsoft ihitimishe huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za mkononi zilizonunuliwa jijini Nairobi baada ya kutumika ng'ambo, zile ziitwazo ex-UK katika maduka ya Luthuli na Moi Avenue, zimebaki bila mfumo rasmi wa kuhamia kwa sababu hazitimizi masharti ya Windows 11. Wapo wenye mashine hizo waliohamia mifumo ya Linux kama Ubuntu, Debian au Linux Mint, na hivyo wamejiunga na wakutubi wanaosimamia vitabu vyao kwa Koha, walimu wanaofundishia kwa Moodle na wachoraji ramani wanaotegemea QGIS. Programu hizi zote ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, na siku zinapokwama, anayejua tiba aghalabu ni mtu aliye mbali, asiyekufahamu, ambaye anajibu maswali baada ya kutoka kazini kwake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumwuliza mtu huyo ili aweze kukusaidia. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya msaada huo hutengenezwa na muulizaji mwenyewe, kabla hajatuma neno lolote.

Unayemwomba ni nani

Leseni ya GPL, inayotumiwa na programu nyingi kati ya hizi, inasema bayana kwamba programu inatolewa jinsi ilivyo, bila dhamana yoyote. Maana yake ni kwamba hakuna aliyekuahidi jibu, na anayekujibu anakupa muda ambao angeupa familia yake. Jambo hili si la adabu tu. Mtu aliyekuwa akitunza XZ Utils, programu ya kubana faili iliyomo katika takriban kila mfumo wa Linux, alishinikizwa mwaka 2022 na watu waliolalamika kwamba kazi yake inakwenda polepole, na baada ya muda akamshirikisha mamlaka mtu aliyeonekana kuwa msaidizi mwema. Msaidizi huyo ndiye aliyepachika mlango wa siri ndani ya programu, na mlango huo uligunduliwa Machi 2024 na mhandisi Andres Freund, ambaye alishangaa kuona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuitumia kompyuta iliyo mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Kwa hiyo maneno kama "haraka", "mbona hamjibu" na "programu yenu ni mbovu" yaache kabisa, kwa kuwa hayaharakishi chochote na hulemea watu ambao sote tunawategemea.

Kazi ya kufanya kabla ya kuuliza

Anza kwa kusoma ujumbe wa hitilafu wote, kuanzia mstari wa kwanza, kwa maana mara nyingi mstari wa mwisho unataja matokeo tu ilhali chanzo kimetajwa mistari kumi juu yake. Kisha tafuta ujumbe huo mtandaoni ukiuweka ndani ya alama za kunukuu, baada ya kuondoa vitu vilivyo vyako peke yako kama vile jina lako la mtumiaji na njia ya folda zako. Ikiwa mfumo wako umewekwa katika lugha nyingine isiyo Kiingereza, andika LC_ALL=C kabla ya amri husika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na ujumbe utatokea kwa Kiingereza, lugha ambayo watu wengi zaidi wameuandika na kuujibu. Tafuta pia katika orodha ya hitilafu ya mradi wenyewe, na usisahau hitilafu zilizokwisha kufungwa, kwa kuwa huko ndiko majibu yaliko.

Hatua inayofuata ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, nayo ni kutenga chanzo. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na uandike kilichotokea. Ikiwa LibreOffice inajifunga yenyewe, ifungue katika hali salama, na ikitulia utajua kwamba tatizo limo katika mipangilio au viongezi vyako. Fungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyo hiyo na ujaribu tena. Ikiwa tatizo lilianza baada ya sasisho, washa mashine kwa kerneli ya zamani, yaani kiini cha mfumo kilichotangulia, ambacho Ubuntu hukihifadhi katika GRUB, menyu ya kuwashia mashine. Kila jaribio la namna hii hupunguza uwanja wa kutafuta, na si ajabu tatizo likaisha mikononi mwako kabla hujamwuliza mtu.

Hakikisha pia toleo unalotumia bado linahudumiwa. Ubuntu 20.04, mathalani, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida mwaka 2025, na ukiuliza kuhusu toleo hilo utaambiwa uhame kwanza. Natambua kwamba kupakua mfumo mzima ni gharama kwa anayenunua bando, lakini ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kulisubiri siku tatu.

Mwisho, jiulize tatizo ni la nani. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, nayo Ubuntu imejengwa juu ya Debian, lakini mtumiaji wa Mint aanze kwa watu wa Mint, kwa sababu wao ndio wanaojua walichokibadilisha. Vivyo hivyo, kiongezi cha kupokea malipo ya M-Pesa kinapokwama kwenye tovuti ya WordPress, wa kuulizwa ni waliotengeneza kiongezi hicho.

Kuliandika swali

Mtu anayepeleka redio kwa fundi humkabidhi redio yenyewe, na fundi huifungua, huipima kwa mita, kisha huuliza maswali machache. Anayekujibu kutoka Berlin au Pune hana cha kupima ila maneno uliyomwandikia. Kichwa kisemacho "Wi-Fi haifanyi kazi, nisaidieni" hakimpi pa kuanzia, na wenye ujuzi hukipita. Kilinganishe na hiki: "Kadi ya Broadcom BCM43142 haionekani baada ya kerneli kupanda kutoka 6.5 hadi 6.8, Ubuntu 22.04". Aliyewahi kukutana na kadi za Broadcom, ambazo zinajulikana kwa kuhitaji draiva (programu ya kuendeshea kifaa) isiyo huria, atasimama hapo hapo. Kisha mwili wa swali uende namna hii:

"Ninatumia kompyuta ya mkononi ya HP yenye kadi ya Broadcom BCM43142, namba ya kifaa 14e4:4365, na Ubuntu 22.04 iliyosasishwa kikamilifu. Hadi jana Wi-Fi ilifanya kazi kwa draiva ya bcmwl-kernel-source. Baada ya sasisho lililoleta kerneli 6.8, orodha ya mitandao haitokei kabisa. Nikichagua kerneli 6.5 katika menyu ya GRUB, Wi-Fi inarudi. Nimeondoa draiva na kuiweka upya nikitumia intaneti ya simu kupitia kebo ya USB, lakini usakinishaji umeishia na hitilafu ninayoiambatisha nzima hapa chini, pamoja na matokeo ya amri ya lspci -nnk. Ningependa kujua kama kuna toleo la draiva linalokubali kerneli 6.8, au kama nibaki kwenye 6.5 kwa sasa."

Sentensi ya kwanza inataja kifaa na toleo, ya pili na ya tatu zinaonyesha lini mambo yalibadilika, ya nne inathibitisha kwamba kadi yenyewe ni nzima, ya tano inamwepusha msomaji na kupendekeza jambo lililokwisha kujaribiwa, na ya mwisho inauliza swali linaloweza kujibiwa. Namba ya kifaa utaipata kwa lspci -nnk, kerneli kwa uname -r, toleo la Ubuntu kwa lsb_release -a, na rekodi za mfumo tangu ulipowasha mashine kwa journalctl -b.

Nakili ujumbe wa hitilafu kama maandishi, wala usipige picha ya skrini kwa simu. Picha haiwezi kutafutwa na mwenye tatizo kama lako mwaka ujao, haiwezi kunakiliwa kwa ajili ya majaribio, na haisomeki kwa mchangiaji asiyeona ambaye hutumia programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Rekodi ikiwa ndefu, iambatishe kama faili na unukuu ndani ya swali sehemu inayohusika tu.

Taja pia lengo lako, na si hatua uliyokwama pekee. Mkutubi anaweza kuuliza namna ya kufuta safu katika hifadhidata ya Koha, kumbe anachotaka ni kuwaondoa kwa mkupuo wanafunzi waliokwisha kuhitimu, kazi ambayo Koha ina zana yake. Akijibiwa swali lake jinsi lilivyo, anaweza kuharibu rekodi za maktaba nzima.

Kuhusu lugha, miradi mingi huendeshwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chepesi cha sentensi fupi kinatosha kabisa. Wengi wa wanaojibu nao wamejifunza lugha hiyo shuleni. Kinachohitaji uangalifu ni desturi yetu ya kusalimiana kwanza na kungoja kuitikiwa. Katika chumba cha mazungumzo, salamu na swali viende pamoja katika ujumbe mmoja, kwa sababu anayeandika "Hamjambo, naomba kuuliza" na kunyamaza anawalazimisha watu kumngojea. Vilevile, usitume ripoti iliyotungwa na akili unde ambayo hukuihakiki mwenyewe. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, amelalamika hadharani kuhusu ripoti za aina hiyo zinazoonekana za kitaalamu ilhali hitilafu zinazozitaja hazipo, nazo humaliza muda uliokuwa uwafae wenye matatizo ya kweli.

Vitu vya kuficha

Usibandike hadharani nenosiri, funguo za Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, faili la mipangilio ambalo hujalisoma hadi mwisho, wala majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya watu. Anayefanya kazi katika kituo cha afya au shule anabanwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Weka majina ya kubuni mahali pa yale halisi, na jina moja libadilishwe kwa namna ile ile kila linapotokea, ili mfuatano wa matukio usipotee. Ikitokea umebandika ufunguo, kuufuta hakutoshi, kwa sababu nakala huenda imekwisha kusambaa kwa barua pepe. Ubatilishe na uchukue mwingine mara moja.

Ukigundua udhaifu wa kiusalama ndani ya programu yenyewe, usiutangaze kabisa. Miradi mingi ina faili liitwalo SECURITY linaloeleza njia ya faragha ya kuuripoti.

Kungoja na kuendelea

Saa za Nairobi hazibadiliki mwaka mzima, ziko saa tatu mbele ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, lakini za Ulaya na Marekani hubadilika. Saa mbili usiku ya Berlin ni saa tatu usiku kwetu wakati wa kiangazi chao na saa nne wakati wa baridi, ilhali saa mbili usiku ya San Francisco ni saa kumi na mbili au saa moja asubuhi yetu ya kesho yake. Ukitaja wakati ndani ya swali, utaje kwa UTC: saa tatu usiku ya Nairobi ni 18:00 UTC. Katika vyumba vya IRC, mfumo wa mazungumzo ya papo kwa papo, kama vile vya Libera.Chat, ukikatika hutaona yaliyoandikwa ukiwa nje, kwa hiyo mahali ambapo stima hupotea mara kwa mara ni heri kutumia njia inayohifadhi majibu.

Usipopata jibu kwa siku kadhaa, rejea mahali pale pale ukiwa na taarifa mpya, labda jaribio jingine ulilolifanya au toleo jipya ulilolijaribu. Ukiamua kuuliza pengine pia, sema hivyo kila mahali na uweke kiungo, ili watu wawili wasifanye kazi moja bila kujua. Jibu fupi lisilo na salamu usilichukulie kama tusi. Ukielekezwa kwenye ukurasa fulani wa mwongozo, usome, kisha ueleze ni wapi hasa hapakueleweka. Lakini matusi ya wazi ni jambo jingine, na miradi mingi ina kanuni za mwenendo pamoja na watu wa kupokea malalamiko. Tumia haki hiyo. Na ikiwa biashara yako imesimama na kila saa ni hasara, mlipe mtaalamu, kwa maana dharura ya aina hiyo si mzigo wa wanaojitolea.

Tatizo likitatuliwa, rudi uandike ni hatua ipi iliyolitatua na kwa toleo gani, hata kama umelitatua mwenyewe, kwa sababu "asanteni, imekubali" haimsaidii atakayefika hapo baadaye akiwa na kadi kama yako. Ikiwa jibu halimo katika mwongozo rasmi, pendekeza aya ya kuongezwa. Watunzaji wengi hupokea kwa furaha marekebisho ya maandishi kutoka kwa mtu asiyejua kuandika msimbo. Na mtunzaji akikuomba ujaribu kiraka, yaani rekebisho la msimbo, alichokiandaa kwa ajili ya hitilafu yako, kijaribu siku hiyo hiyo ukiweza, kwa kuwa huenda yeye hana kadi hiyo, na mashine yako ndiyo pekee anayoweza kuthibitishia kazi yake kabla ya kuitoa kwa wote.