Jinsi ya kusoma nyaraka za Averell Harriman kuhusu Kongo ya 1964

W. Averell Harriman (1891–1986) alikuwa tajiri wa reli na benki kabla ya kuwa balozi wa Marekani Moscow, kisha London. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, na ni nyingi mno. Mimi huzitumia kutafiti uasi wa Simba, wapiganaji wa mashariki mwa Kongo walioasi serikali kuu mwaka 1964, kwa hiyo nitakupitisha njia hiyo.

1. Anza na maisha yake, mada baadaye. Faili zinafuata biashara na vyeo alivyoshika. Kongo itafute kwenye utumishi wake chini ya marais Kennedy na Johnson: Simba walipoiteka Stanleyville (Kisangani ya leo) Agosti 1964, yeye ndiye aliyetumwa Brussels kuonana na Spaak, waziri wa mambo ya nje wa Ubelgiji.

2. Kabla ya kukata tiketi, soma juzuu la Kongo 1960–1968 lililochapishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani mwaka 2013. Lipo bure mtandaoni. Tanbihi zake hutaja faili ulimotoka kila waraka. Hizo ndizo dira yako.

3. Fungua orodha ya mkusanyo kwenye tovuti ya maktaba, andika namba za maboksi, uwaandikie wakutubi mapema.

4. Nenda na pasipoti. Kadi ya msomaji hutolewa bure. Tumia penseli, fungua folda moja moja, usivuruge mpangilio. Ukipiga picha, anza na lebo ya folda na namba ya boksi. Picha isiyo na namba hiyo huwezi kuitaja popote.

5. Hapa ndipo kazi ilipo. Panga kila simu ya maandishi kwa tarehe na saa, ukikumbuka kwamba Novemba Nairobi iko saa 8 mbele ya Washington, na Stanleyville saa 7. Tarehe 23 Novemba 1964, Kenyatta alikuwa Nairobi akiwasuluhisha Attwood, balozi wa Marekani nchini Kenya, na Thomas Kanza, mjumbe wa waasi, juu ya mateka wa kigeni walioshikiliwa na Simba. Alfajiri iliyofuata, makomando wa Ubelgiji walirushwa Stanleyville kutoka ndege za Marekani. Bila saa hizo huwezi kujua nani alizungumza akijua ndege zinakuja.

Karatasi hizi zitakuonyesha Washington ilitaka nini. Simba wenyewe humo wanasemewa na wapinzani wao, na hilo si haki kuliacha lilivyo. Weka safu ya pili pembeni: magazeti ya Nairobi ya wiki hiyo, na wazee wa Kisangani ambao bado wanakumbuka. Hao waanze kuhojiwa sasa, maboksi yatasubiri.