Uwanja kwanza, jezi baadaye: kuunganisha shule na klabu ya jirani

Mbeya na Iringa, klabu nyingi za mitaani hazina uwanja wao. Shule nazo zina uwanja, ila mwalimu wa michezo ni mmoja, tena ana vipindi vya darasani. Klabu inatafuta pa kuchezea, shule inatafuta kocha. Makubaliano yakianza na jezi za msaada bila kugusa suala la uwanja, mvua za masika zikikolea yameshavunjika.

Anzeni kwa mwalimu mkuu (mkuu wa shule, kama ni sekondari), lakini msiishie kwake. Walimu huhamishwa, na ahadi ya mdomo huhama nao. Ombi lipite kwenye kamati ya shule au bodi, liingie kwenye muhtasari wa kikao, na afisa michezo wa halmashauri apate nakala. Klabu ije na cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo, pamoja na majina ya makocha wawili. "Tutatuma mtu" si jina.

Kisha ratiba, kwa siku na saa. Jumanne na Alhamisi, saa 10:00 hadi 11:30 jioni, kocha wa klabu anafundisha wanafunzi. Jumatatu na Ijumaa jioni, na Jumamosi asubuhi, ni zamu ya timu ya wakubwa. Jumatano na Jumapili nyasi zipumzike. Msisogeze ile saa 11:30: mwezi Juni jua huzama karibu saa 12:30, baridi inauma, na wapo watoto wenye mwendo mrefu hadi nyumbani.

Ugomvi mkubwa huja kati ya Novemba na Aprili. Timu ya watu wazima ikicheza mara moja tu kwenye uwanja uliolowa, udongo unashindiliwa, maji hayapenyi tena, na mbele ya goli panabaki dimbwi hadi kiangazi. Wekeni kipimo kisichobishaniwa: kanyaga kwa kisigino katikati ya uwanja na mbele ya magoli yote mawili, maji yakijikusanya kwenye alama, hakuna mazoezi, hata kama kuna mechi keshokutwa. Mwalimu wa zamu ndiye mwenye neno la mwisho, na hilo liandikwe. Siku za kawaida mazoezi ya kupiga golini yafanyike pembeni kwa koni, maana eneo la kipa ndilo huchakaa kwanza. Mistari msiichore kwa chokaa mbichi, huunguza ngozi na macho. Vumbi la mbao, ambalo upande wa Mafinga halina shida kupatikana, linatosha na linaonekana vizuri kwenye udongo mwekundu. Magoli ya kubebeka yafungwe chini kila mara. Watoto hupenda kuning'inia, na goli likipinduka linaweza kuua.

Kwa wanafunzi 24 pelekeni mipira 6 na koni 20. Walio chini ya miaka 12 watumie mpira namba 4. Vifaa vilale stoo ya shule, viandikwe kwenye daftari vikitoka na vikirudi; vikilala kwa kocha, baada ya muhula mmoja hakuna anayekumbuka mpira ulikuwa wa nani.

Kuhusu mtoto mwenyewe, mzazi au mlezi asaini fomu ya ridhaa yenye namba ya simu na maradhi aliyonayo, kama pumu au kifafa. Wawepo watu wazima wawili kila zoezi, mmoja wao mwanamke kama kuna wasichana. Kiongozi wa klabu asizungumze usajili na mwanafunzi pembeni. Mzazi na shule wawepo. Msimu wa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) au UMISSETA (ya sekondari) shule ndiyo yenye mchezaji. Darasa la saba wapumzishwe mapema kabla ya mtihani wa Septemba, kwa sababu matokeo yakishuka lawama itaangukia mpira, iwe kweli au si kweli.

Mkataba uwe wa mwaka mmoja, na uwe na kifungu cha kocha mtoro: akikosa mara tatu bila taarifa, klabu inapoteza Jumamosi yake mpaka ilete mwingine.