Jinsi ya kumjengea mwanafunzi imani kwamba anaweza: hatua ninazozifuata katika somo la Hisabati

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu kijana, aliyepangiwa shule ya kutwa hapa Tanga mjini na kukabidhiwa darasa la Kidato cha Pili ambalo wanafunzi wenyewe waliliita darasa la vilaza. Tatizo lake halikuwa utoro wala utovu wa nidhamu. Wanafunzi walifika kutoka Makorora, Ngamiani na hata Pongwe, wakaketi kimya, wakanakili kila kilichoandikwa ubaoni, lakini walipoulizwa swali waliinamisha vichwa. Mifano yangu ni ya Hisabati kwa sababu ndilo somo ninalolifundisha, na ndilo ambalo wanafunzi wengi hulikatia tamaa mapema. Mwalimu wa somo jingine anaweza kuzichukua hatua hizi akabadilisha mifano.

Hatua ya 1: Fahamu imani hiyo inatoka wapi

Mwaka 1977 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieleza kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake wa kufanya kazi fulani hutoka katika vyanzo vinne: kazi aliyokwisha kuifanya mwenyewe akafaulu, kuwaona walio kama yeye wakifaulu, maneno ya wanaomtia moyo, na hali ya mwili wake anapokuwa kazini, kama vile moyo kwenda mbio na viganja kutoka jasho. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Ndiyo maana siupendelei utaratibu wa kumwalika mhamasishaji aje kuwaambia wanafunzi mstarini kwamba kila mmoja anaweza. Maneno hayo hupendeza yanaposemwa, kisha hupoteza nguvu mara mwanafunzi anapofungua daftari na kuikuta hesabu ileile iliyomshinda jana. Tambua pia kwamba imani hii hufuata kazi: kijana anayesoma kwa sauti thabiti mbele ya watu madrasa anaweza kutetemeka mbele ya mlinganyo mmoja wa aljebra.

Hatua ya 2: Ondoa kwanza vinavyoivunja

Usimchape wala kumsimamisha mwanafunzi kwa sababu ya jibu lisilo sahihi. Kanuni za nchi huruhusu adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa makosa mazito ya nidhamu, na kukosa hesabu si kosa la nidhamu. Usisome alama za jaribio kwa sauti kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Majina ya kipanga na kilaza yapige marufuku, yote mawili, kwa kuwa kipanga naye huogopa kuuliza asije akalipoteza jina lake.

Hatua ya 3: Tafuta mahali mwanafunzi alipokwama

Mpe kila mmoja nusu karatasi na maswali matano mafupi ya mada za nyuma, umweleze kwamba hakuna alama zitakazoandikwa popote. Mimi hutumia karatasi za mitihani ya zamani zilizochapwa upande mmoja, kwa sababu mwanafunzi huandika kwa woga mdogo kwenye karatasi asiyotakiwa kuitunza kuliko kwenye daftari. Ukizikusanya, usihesabu waliopata. Soma njia waliyoipita.

Hatua ya 4: Panga ngazi ya maswali

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo mwenzangu alipotumia jioni nyingi.

Ngazi ni mfululizo wa maswali unaoanzia mahali mwanafunzi anapoweza bila msaada na kuishia kwenye swali halisi la kiwango cha darasa lake, huku kila swali likiongeza ugumu wa aina moja tu. Mwenzangu alikuwa akipanga maswali mepesi, ya kati na magumu, kama vitabu vingi vinavyofanya. Mpangilio huo haumsaidii mwanafunzi aliyekata tamaa, kwa sababu kati ya jepesi na la kati huwa yameongezeka mambo matatu kwa mpigo, naye akishindwa hajui ni lipi kati ya hayo lililomwangusha, hivyo huhitimisha kwamba ameangushwa na akili yake. Linganisha na mpangilio huu: x + 3 = 11, kisha 2x = 8, kisha 2x + 3 = 11, kisha 2x + 11 = 3, kisha −2x + 11 = 3. Mbili za kwanza zinafundisha tendo moja kila moja, ya tatu inayaunganisha, ya nne inaleta jibu hasi, na ya tano inaleta alama ya kutoa mbele ya herufi. Anayekwama kwenye ya nne anajua, na wewe unajua, kwamba ameshinda aljebra na kilichobaki ni namba hasi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti mmoja aliyeketi dawati la nyuma. Kwa 7 − 12 aliandika 5, na kwa 3 − 8 akaandika 5 tena. Nilipomwomba anieleze alivyofanya, alijibu kwa sauti ya chini: “Ndogo inatoka kwenye kubwa, mwalimu.” Kanuni hiyo aliishika tangu shule ya msingi, ilimfaa wakati ule, na hakuna aliyemwambia kwamba sasa mipaka yake imefika. Nikamuuliza: ukiwa na shilingi 700 na dukani unadaiwa 1,200, ukilipa zote ulizo nazo itakuwaje? Akajibu papo hapo kwamba atakuwa bado anadaiwa 500. Tukaliandika deni hilo kwenye mstari wa namba, akarudi kwenye 7 − 12, akaandika −5, kisha akafanya maswali mawili mengine huku mimi nikiwa dawati jingine. Alipofika 2x + 11 = 3 na kupata −4, alilitazama swali kwa muda, akaniuliza: “Hili ni la Kidato cha Pili kweli, mwalimu?”

Swali lake lina uzito. Mwanafunzi aliyezoea kushindwa hushuku kila ushindi, na akigundua kwamba umempa swali la Darasa la Tano ili afurahi, umempa ushahidi mpya kwamba hata wewe humwamini. Kwa hiyo swali la mwisho la ngazi nalichukua kutoka karatasi halisi ya upimaji wa kitaifa wa mwaka uliopita, na karatasi yenyewe naiweka mezani ili yeyote anayetaka ajionee.

Yapo mambo mengine ya kuangalia katika hatua hii.

Usimshikie kalamu. Ukimwandikia mstari mmoja tu, ushindi ni wako, naye analijua hilo. Msaada unaofaa ni swali, au kumrudisha ngazi moja chini.

Hakikisha unapima hesabu wala si lugha. Wanafunzi wetu wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari wanakutana na Hisabati kwa Kiingereza. Mwanafunzi akishindwa swali la maelezo, mwandikie jambo lilelile kwa namba na alama pekee. Akilipata, basi ngazi anayohitaji ni ya maneno: mwandalie orodha fupi ya vitenzi vya amri vinavyotumika kwenye mitihani na maana zake, umpe mazoezi ya kuvitambua kabla ya kukokotoa.

Dawati moja likikaliwa na watatu, andaa ngazi mbili zenye namba tofauti. Jibu lililonakiliwa halijengi chochote, hata likiwekewa alama ya vema.

Wote waanzie swali la kwanza. Najua wapo walimu wanaoligawa darasa katika makundi ya wepesi na wazito, kila kundi na karatasi yake. Silikubali jambo hilo, kwa sababu kufikia kipindi cha pili kila mwanafunzi huwa ameshajua kundi lake linaitwaje hata ukilipa jina la ua. Wepesi watamaliza ngazi ya chini kwa dakika tano na kupanda. Hakuna watakachopoteza.

Irudie ngazi baada ya siku kadhaa kwa namba nyingine. Ushindi wa jana unaweza kuwa kumbukumbu tu ya mfano uliokuwa ubaoni.

Mwisho, usiogope kumwacha akwame. Ushindi mwepesi usio na mkwamo hata mmoja huzaa imani inayovunjika siku ya jaribio la kwanza gumu. Kinachotakiwa ni kwamba mkwamo uje baada ya ushindi kadhaa, na uwe wa jambo moja linaloweza kutajwa.

Lengo nalo ligawanye. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1981, Bandura na Dale Schunk waliwapa watoto waliokuwa nyuma sana katika hesabu za kutoa kurasa 42 za mazoezi kwa vipindi saba. Watoto walioelekezwa walenge kurasa sita kila kipindi walipiga hatua kubwa zaidi, na wakajiamini zaidi, kuliko walioelekezwa wazilenge zote 42 hadi mwisho. Kwa mwanafunzi mwenye alama 9, A ya 75 ni mbali mno, na hata D ya 30 ni mbali. Mpe lengo la kufika swali la nne kabla ya kengele.

Hatua ya 5: Uliza, kisha subiri

Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alibaini katika miaka ya 1970 kwamba baada ya kuuliza swali walimu wengi husubiri takribani sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi walioshindwa kujibu wakapungua. Hesabu kimya kimya hadi tano, na usiwachague walionyoosha mikono pekee. Waruhusu kwanza wanong'onezane na jirani, ili anayesimama asiwe peke yake na jibu lake.

Hatua ya 6: Sahihisha na usifu kwa kutaja kazi

“Una akili sana” ni sifa ninayoiepuka. Watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walivunjika moyo zaidi walipokutana na maswali magumu kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Hata hivyo, sifa ya juhudi peke yake haitoshi kwa kijana aliyejitahidi mwaka mzima bila mafanikio. Taja alichokifanya: “Hapa umehamisha 11 na ukakumbuka kubadilisha alama.” Daftarini, weka vema kwenye kila mstari ulio sahihi, kisha duara moja kwa penseli mahali njia ilipopotea, wala usiipige kazi yote mkasi mwekundu.

Hatua ya 7: Mtumie aliyehangaika

Anapohitajika mwanafunzi wa kueleza ubaoni, usimwite aliyepata tangu mwanzo. Mwite aliyekosea wiki iliyopita akapata leo, na mwombe aeleze alikuwa akifikiri nini hapo awali. Wenzake hujiona ndani yake. Muulize faraghani kabla kama yuko tayari, na akikataa, kubali. Akisema moyo unamwenda mbio, mwambie kwamba hali hiyo huwapata hata wanaoweza, na haimaanishi kwamba hajui.

Hatua ya 8: Mwachie atunge ngazi yake

Wiki chache kabla ya upimaji wa mwisho wa mwaka, acha kuwapangia ngazi. Wape swali moja la mtihani uliopita, na uwatake waandike wenyewe maswali matatu mepesi zaidi yanayoelekea kwenye hilo, wayafanye, kisha walijaribu lenyewe. Mara ya kwanza wengi watabadilisha namba tu na kuuacha ugumu palepale. Waonyeshe tofauti kwa kuzilinganisha ngazi mbili ubaoni. Anza na mlinganyo mmoja, utenge kwa ajili yake vipindi viwili vinavyofuatana, na usizikusanye karatasi siku hiyo. Waache waende nazo nyumbani, kwa kuwa ndizo watakazozihitaji watakapokaa na karatasi za zamani bila mwalimu.