"Nataka uje" kwa Kiingereza

Sisi tuliozoea kusema "nataka uje" huteleza hapa: tunaandika "I want that you come". Kiingereza hakiendi hivyo. Baada ya "want", mtaje kwanza unayemtaka atende, kisha weka "to" na kitenzi: "I want you to come." Tena kiwakilishi kibadilike: "I asked him to wait", kamwe si "I asked he to wait". Kiswahili hakituzoeshi hilo, maana "yeye" ni yule yule popote akaapo. Ukikanusha, "not" hutangulia "to": "She told them not to shout", yaani aliwaambia wasipige kelele.

Angalia sana "make" na "let". Vitenzi hivi havitaki "to": "They made me repeat it", "Let her speak." Lakini geuza "make" iwe kauli ya kutendwa, "to" inarudi: "I was made to repeat it." "Help" inakubali kote kuwili, pamoja na "to" au bila "to".

Linaloniuma zaidi ni "suggest". Hata waliosoma miaka mingi huandika "He suggested me to go". Andika "He suggested that I go."