Seva zako ziko Dodoma: kituo cha akiba ukiweke wapi?

Kituo cha akiba ni mahali pa pili penye nakala ya mfumo na data za biashara yako, panapochukua kazi seva (kompyuta zinazoendesha mfumo) za kituo kikuu zikilala.

Hatua ya 1. Kaeni na mhasibu mjibu maswali mawili. Mfumo ukilala, kazi inaweza kwenda kwa saa ngapi bila huo mfumo? Na data za muda gani mkizipoteza mnaweza kuziingiza upya kwa mkono kutoka kwenye risiti? Duka la jumla litavumilia siku nzima. Kampuni ya mabasi inayokata tiketi mtandaoni haiwezi.

Hatua ya 2. Hii ndiyo wengi wanairuka. Chora safu mbili, moja ya kituo kikuu, nyingine ya kituo unachokifikiria. Andika kila kinachovihudumia: umeme unatoka wapi, faiba (waya wa intaneti unaopitisha mwanga) inapita njia gani, fundi ni nani, hata ufunguo anakaa nao nani. Kinachojitokeza pande zote mbili kizungushie duara: hicho kikifa, vituo vyote viwili vinalala pamoja. Ofisi ikiwa Area D na akiba iko Nzuguni, zote Dodoma hapohapo, karatasi itajaa maduara.

Basi uende Dar es Salaam, takriban kilomita 450? Kasi si tatizo: mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde chache tu. Ila Aprili 1, 2024 gridi ya Taifa ilipopata hitilafu, Dodoma na Dar zote zilikosa umeme. Duara la umeme halifutwi na umbali, linafutwa na jenereta yenye dizeli ya kutosha. Omba jenereta iwashwe ukiwa umesimama pale. Faiba nayo ina ujanja wake: kampuni mbili tofauti zinaweza kukuuzia njia iliyo ndani ya mtaro uleule. Dai ramani.

Kuweka nje ya nchi? Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikazorota nchini, kwa hiyo nakala moja ibaki hapa. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kusafirisha data za wateja.

Hatua ya 3. Kagua chumba. Kwa matetemeko ya Bonde la Ufa, kabati la seva lisilofungwa kwa bolti sakafuni mimi silipokei.

Hatua ya 4. Kabla ya mkataba wa mwaka, omba mwezi wa majaribio. Jumamosi jioni zima kituo kikuu, kisha karani, siyo fundi, atoe risiti kutoka kituo cha akiba. Pima dakika. Zikizidi mlichoandika na mhasibu, endelea kutafuta.