Stroberi na Sukari ya Damu: Namna ya Kujipima Mwenyewe Nyumbani

Kwenye benchi la kliniki ya sukari hukosi kusikia mtu akimshauri mwenzake, "Kula zambarau, sukari inashuka." Wiki ijayo anakuja na namba moja aliyopima asubuhi kwa mashine ya sukari, 6.4 (kwa kipimo cha mmol/L, kama namba zote za sukari ya damu humu), uso umemchangamka. Namba hiyo peke yake haisemi lolote kuhusu tunda. Pengine usiku alikula mapema, pengine alitembea sana, pengine ni mashine tu. Ukitaka jibu la kulisimamia, fuata hatua hizi.

Kabla hujaanza: kama unatumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho, mfano glibenklamaidi, mweleze kwanza daktari au muuguzi wako. Dawa usiruke, wala usipunguze. Tumia vilevile siku zote za jaribio. Mashine ikionyesha chini ya 3.9, acha jaribio na unywe kitu chenye sukari papo hapo.

Hatua ya 1: Chagua tunda moja, uliza swali moja

Mimi hupendekeza stroberi. Zinapatikana Lushoto na Limuru, na kiasi cha sukari yake kinajulikana vizuri. Zambarau na forosadi nazipenda zaidi mdomoni, lakini utamu wake hubadilika kutoka mti hadi mti, na hapo hesabu inakuwa ngumu. Unga wa kokwa za zambarau usiuingize humu kabisa. Hiyo ni dawa ya kienyeji, si tunda.

Swali lenyewe si "stroberi ni nzuri?" Swali ni hili: nikila mkate pamoja na stroberi, sukari inapanda kidogo kuliko nikila mkate uleule na kiasi kilekile cha sukari bila stroberi? Jambo hili lina msingi. Mwaka 2010 watafiti wa Kuopio, Ufini, waliwapa watu wenye afya gramu 150 za beri zilizopondwa, stroberi zikiwamo, pamoja na gramu 35 za sukari. Nusu saa ya kwanza sukari ya damu ilipanda kidogo kuliko walipokunywa sukari bila beri. Inadhaniwa kwamba kemikali za kwenye beri hupunguza kasi ya vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazovunja wanga na sukari tumboni.

Hatua ya 2: Andaa milo miwili

Mlo A: gramu 100 za mkate mweupe, na glasi ya maji yenye vijiko viwili vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa.
Mlo B: mkate uleule gramu 100, gramu 150 za stroberi, na glasi ya maji matupu.

Vile vijiko viwili ni kama gramu 8 za sukari, karibu sawa na iliyomo kwenye stroberi hizo. Ukiviacha, utakuwa unalinganisha sukari nyingi na chache, si tunda na kutokuwa na tunda. Pima kwa mizani ya jikoni, maana slesi za duka moja na jingine hazilingani. Stroberi zitafunwe nzima; usisage, usichuje, usiongeze asali. Mwenye kisukari apunguze kila kitu nusu, vijiko vya sukari vikiwamo.

Hatua ya 3: Piga kura ya siku

Andika A kwenye vikaratasi vitatu na B kwenye vingine vitatu, vikunje, uchomoe kimoja kila asubuhi ya kupima. Ukijichagulia mwenyewe, siku uliyolala vizuri utaipa stroberi bila hata kujua. Usiku wa kuamkia kipimo kula chakula cha kawaida, na asubuhi usifanye mazoezi mpaka umalize.

Hatua ya 4: Toboa kidole, lakini nawa kwanza

Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Ukishika tunda kisha ukatoboa kidole hichohicho, utomvu wake unaingia kwenye tone la damu na mashine inasoma sukari ya tunda. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2011 kwamba baada ya kumenya tunda, hata kufuta kidole kwa spiriti hakutoshi. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, toboa ubavuni mwa kidole. Stroberi kula kwa uma.

Pima kabla ya kula, kisha dakika ya 30, 60, 90 na 120 tangu tonge la kwanza. Ni stripu tano kwa siku, na najua bei yake. Zikiwa chache, ruka wiki, lakini usiruke vipimo vya katikati.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Kutoka kila namba toa ile ya kabla ya kula. Jumlisha ongezeko la dakika 30, 60 na 90, kisha ongeza nusu ya lile la 120. Tuseme siku ya A umepata 5.2, 7.9, 8.4, 7.0 na 6.1. Ongezeko ni 2.7, 3.2, 1.8 na 0.9, kwa hiyo jumla yako ni 8.15.

Usikimbilie kushangilia tofauti ya siku moja. Kiwango cha kimataifa huiruhusu mashine kukosea hadi asilimia 15, maana yake 8.0 inaweza kuwa 6.8 au 9.2. Ndiyo sababu ya siku tatu kwa kila mlo. Jumla zote tatu za B zikiwa chini ya zote tatu za A, una kitu mkononi: bahati tupu huleta mpangilio huo mara moja tu katika 20. Zikichanganyikana, hujaona faida, basi.

Hatua ya 6: Miezi mitatu, kama bado una hamu

Kupanda taratibu baada ya mlo ni jambo moja, kuwa na afya bora ni jingine. Utafiti wa Louisiana, Marekani, wa 2010 uliona bluberi zikiisaidia insulini kufanya kazi kwa wiki sita. Ule wa University of East Anglia, Uingereza, wa 2019, wa miezi sita na watu 115, haukuona mabadiliko hayo, ingawa mishipa ya damu na kolesteroli nzuri vilinufaika. Kwa hiyo pima HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu), presha na mafuta ya damu kabla na baada ya miezi mitatu, maabara ileile, na chukua stroberi *badala* ya biskuti au soda, si juu yake. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu aulize kwanza kama HbA1c inamfaa, kwa kuwa kwake inaweza kutoa picha isiyo sahihi.