Kuandaa Kikundi cha Vijana kwa Safari ya Nyikani: Mshikamano Kwanza, Mizigo Baadaye

Kikundi kitakachotembea siku kadhaa mbali na barabara, kikibeba chakula na malazi mgongoni, hakina budi kuwa kimekwisha kugombana, kupatana na kugawana kazi kabla hakijaondoka. Mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Marekani, Bruce Tuckman, alieleza kwamba vikundi vidogo huanza kwa kuundwa, huingia katika kuvutana, hukubaliana taratibu, na hapo ndipo hufanya kazi vizuri. Lengo la maandalizi ni kuhakikisha kwamba kuvutana huko kunatokea mazoezini, mahali ambapo mzazi anaweza kufika kwa gari, wala si siku ya pili ya safari huku mvua ikinyesha.

Hatua ya 1: Zungumza na kila kijana

Wiki nane hivi kabla ya safari, kutana na kila kijana akiwa na mzazi au mlezi wake. Uliza kuhusu pumu, mzio, dawa anazotumia, hofu ya giza na kukojoa kitandani. Usiyaulize haya mbele ya wenzake, kwa sababu kijana aliyelazimika kuficha jambo siku ya kwanza ataendelea kulificha hata litakapokuwa hatari.

Hatua ya 2: Waandike mapatano yao wenyewe

Usiwaletee kanuni zilizokwisha kuandikwa. Waulize watafanya nini mwenzao akichoka, na watamwambiaje aliyekosea njia. Jibu la "tutaheshimiana" halitoshi, endelea kuwauliza mpaka kila kauli iwe tendo linaloonekana, kwa mfano, "hakuna anayekula kabla mahema yote hayajasimama." Waeleze pia kwamba kila mmoja ana haki ya kukataa zoezi linalomtisha, mradi achukue kazi nyingine yenye manufaa kwa kikundi.

Hatua ya 3: Fanya mazoezi kwa vifaa vya safari

Michezo ya kuchangamshana ina nafasi yake katika mkutano wa kwanza, lakini mshikamano wa kweli hujengwa kwa kazi zile zile zitakazofanywa nyikani. Mazoezi mawili ninayaona kuwa ya lazima.

La kwanza ni kusimamisha hema kwa watu wanne, watatu wakiwa wamefungwa vitambaa machoni na wa nne akiona lakini akikatazwa kugusa chochote. Muda si mrefu utasikia nani anafoka, nani anakata tamaa na nani anauliza maswali ya maana.

La pili ni kugawana mizigo. Rundika mahema, majiko, sufuria na chakula mahali pamoja, weka mzani kando, kisha ukae kimya. Kwa vijana, kipimo cha tahadhari ni mzigo usiozidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mwili, yaani kilo 10 kwa mwenye kilo 50. Kwa kawaida hugawana sawa kwa sawa, kisha mzani huwaonyesha kwamba mwenye umbo dogo ameonewa, na mjadala unaofuata huwafundisha mengi kuliko hotuba yoyote ya kiongozi.

Baada ya kila zoezi, waketi kwenye duara wajibu maswali matatu: Nini kimetokea? Kwa nini kimetokea? Tutabadilisha nini? Tenga kwa mazungumzo haya muda usiopungua ule wa zoezi lenyewe. Viongozi wengi huyakatisha kwa sababu ya saa, na hilo hunisikitisha, kwani bila mazungumzo zoezi hubaki kuwa mchezo tu.

Hatua ya 4: Zungusha majukumu

Kila siku ya mazoezi iwe na kiongozi wa siku, msoma ramani, wapishi na mtu wa mwisho anayehakikisha hakuna aliyeachwa nyuma. Kijana mkimya apewe ramani na dira mapema, kabla wazungumzaji hawajazifanya mali yao.

Hatua ya 5: Tembeeni na mizigo kamili

Kadirieni muda kwa kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Scotland aliyeitoa mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, pamoja na saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo haihesabu mapumziko, na ilitungwa kwa watembeaji wenye nguvu, kwa hiyo vijana waongezewe muda. Anayetembea polepole awekwe mbele. Wafundishe kutamka "simameni" mara tu ngozi ya mguu inapoanza kuchoma, kwa sababu lengelenge linalofichwa kwa aibu husimamisha kikundi kizima kesho yake.

Hatua ya 6: Laleni nje usiku mmoja

Hapa wajifunze kuchemsha maji kwa dakika 1 kamili tangu yaanze kutokota, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Wachimbe shimo la choo lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka majini. Zungumzia choo na hedhi waziwazi na kwa heshima, kwa kuwa wapo vijana wanaoacha kunywa maji ili kukwepa aibu hiyo.

Hatua ya 7: Jaribuni dharura, kisha amueni

Chagua kijana mmoja ajifanye ameteguka mguu, bila kuwaonya wenzake, huku viongozi wote wakijua. Tazama kama kuna anayeshika uongozi, anayebaki na majeruhi na anayekumbuka filimbi. Zoezi likivurugika, lirudieni siku nyingine.

Wiki moja kabla ya kuondoka, kiulize kikundi kama kiko tayari, kila mmoja akiandika jibu lake kwenye karatasi bila jina. Karatasi hata moja ikitaja hofu juu ya wenzake, si juu ya njia, itisha mkutano mwingine, na ikibidi ahirisha safari.